Al-Suyuti na Elimu ya Zilizala

Wanafunzi wa vyuo vya Pwani hulijua jina la Jalal al-Din al-Suyuti kwa sababu ya Tafsir al-Jalalayn. Ni wachache wajuao kwamba msomi huyuhuyu alituachia kitabu kizima juu ya matetemeko ya ardhi, au zilizala, kwa neno tulilolichukua katika Kiarabu.

Alizaliwa Cairo mwaka wa 1445. Babake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, na kabla hajatimiza miaka minane alikuwa amekwisha kuhifadhi Kurani. Jalal al-Din al-Mahalli alipokufa mwaka wa 1459 akiiacha tafsiri yake haijakamilika, al-Suyuti ndiye aliyekuja kuikamilisha. Aliandika vitabu na vijitabu kwa mamia.

Hakuwa mtu wa kunyenyekea. Alijihesabu kuwa mhuishaji wa dini katika karne yake, na dai hilo liliwaudhi wengi. Hasimu wake, al-Sakhawi, alimtuhumu kwamba huchukua kazi za wengine akazifanya zake. Mimi, ambaye katika isimu hukirejelea kitabu chake al-Muzhir, naiona tabia hiyo ya kukusanya kuwa neema. Kauli nyingi za vitabu vilivyopotea zimetufikia kupitia kwake.

Ndivyo ilivyo katika Kashf al-Salsala, kitabu chake cha zilizala, alimoyapanga matetemeko kwa miaka ya Hijria hadi zama zake mwenyewe. Aliwapinga wanafalsafa waliosema kwamba ardhi hutikiswa na mvuke uliofungwa ndani yake. Kwake yeye lilikuwa onyo la Mungu. Imani hiyo haikumzuia kuandika mwaka na mji. Vyombo vya kupima mitetemo vilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 19 tu, ilhali tetemeko kubwa laweza kukawia karne kadha kabla ya kurudi palepale. Cairo ilipotikiswa tarehe 12 Oktoba 1992, watu zaidi ya 500 wakafa. Atakaye kuujua mkondo wa hatari hiyo hana budi kuwaendea waandishi wa kale.

Lakini kuwaendea kwataka ujuzi wa lugha. Chukua tetemeko kuu la Shamu. Waandishi wengine walilitaja mwaka wa 597 wa Hijria, wengine 598, nalo likahesabiwa mara mbili. Mwaka wa 1988, Ambraseys, mhandisi, na Melville, mtaalamu wa historia ya Uajemi, walizilinganisha habari hizo wakaonyesha kuwa ni moja, la tarehe 20 Mei 1202. Ile idadi ya vifo zaidi ya milioni moja, ambayo bado hunakiliwa, imewachanganya waliofukiwa na kuta na waliokufa kwa njaa na maradhi huko Misri, baada ya Mto Nile kukosa kufurika. Hitilafu kama hizi hazionekani kwa darubini. Huonekana kwa kuyasoma maandishi neno kwa neno.

Al-Suyuti alipofikia miaka arobaini hivi alianza kujitenga na watu. Alifariki mwaka wa 1505 katika kisiwa cha Rawda, mtoni Nile.