TAFAKURI YA RAMADHANI – SIKU YA 12: Mwomani Aliyetuwekea Fat-ha na Kasra



Leo ukifungua msahafu, kabla hujaanza juzuu yako, hebu tazama zile alama ndogo ndogo juu na chini ya herufi. Misahafu ya wakati wa Sayyidna Uthman (r.a.) haikuwa nazo. Uislamu ulipofika kwa watu ambao Kiarabu si lugha yao ya mama, makosa yakaanza kuingia, na irabu moja tu ikikosewa maana hugeuka. Abul-Aswad ad-Du'ali akaanza kuweka nukta za wino wa rangi. Baadaye akaja mtu aliyezipa alama sura hii tunayoijua: Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi.

Alizaliwa Oman karibu mwaka 100 Hijria (718 Miladia), katika kabila la Azd. Akiwa bado mdogo akahamia Basra, Iraq, mji uliokuwa na Waomani wengi. Huko akasoma kwa Abu Amr bin al-Alaa, mmoja wa wale wasomaji saba wa Qur'ani.

Tazameni kazi yake. Dhumma ni wau ndogo. Fat-ha ni alifu ndogo iliyolazwa. Shadda ni kichwa cha herufi shin, na hamza ni kichwa cha ain. Rahisi kabisa, mpaka mtoto wa chuoni anaishika.

Akaandika pia Kitabu al-Ayn, kamusi ya kwanza ya Kiarabu. Hakupanga herufi kwa alifu, be, te. Alizipanga kwa mahali zinapotokea, kuanzia kooni mpaka midomoni. Wanafunzi wa tajwidi, hayo si ndiyo makharij mnayofundishwa?

Halafu ushairi. Inasimuliwa kwamba aliomba dua Makka apewe elimu ambayo hakuna aliyemtangulia nayo. Akaja na elimu ya arudhi, akagawa mizani ya mashairi ya Kiarabu katika bahari 15. Baadaye al-Akhfash akaongeza ya 16. Na sisi Waswahili mpaka leo tunasema arudhi, tunasema bahari za ushairi. Maneno hayo yametoka huko.

Sasa njooni kwenye maisha yake, manake hapa ndipo penye somo letu la leo. Mtu huyu aliishi Basra katika kibanda cha matete. Wanafunzi wake walipata mali kwa elimu aliyowafundisha, yeye hana kitu. Wasimulizi wanaeleza kwamba liwali mmoja wa ukoo wa Muhallab, Mwazdi mwenzake, alimtuma mjumbe amwite akamsomeshe mwanawe. Al-Khalil akamtolea yule mjumbe mkate mkavu, akamwambia kwamba maadamu anao huo, hana haja na liwali. Liwali akakasirika, akamkatia posho yake. Al-Khalil hakwenda kubembeleza.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mvivu au mwenye kiburi. Alikuwa na darasa, na humo ndimo alimotoka Sibawayh, Mwajemi aliyeandika kitabu kikubwa kuliko vyote cha nahau ya Kiarabu. Alichokataa ni elimu yake kuwa mtumwa wa mlango wa mkubwa.

Hata kifo chake kina mazingatio. Inasemekana alikuwa akifikiria njia nyepesi ya hesabu, ili hata kijakazi akienda dukani asipunjwe. Akaingia msikitini fikra zimemchukua, akajigonga kwenye nguzo, akafa kwa hilo. Ni kati ya mwaka 170 na 175 Hijria. Mwanachuoni mkubwa vile, na dakika zake za mwisho anamfikiria mtu dhaifu sokoni.

Ndugu zangu, yule liwali leo nani anamtaja? Lakini kila usiku wa tarawehe, kila mtoto anayesoma kwa vituo, kila aliyesilimu jana anayejifunza Al-Fatiha, anapita juu ya kazi ya yule mzee wa kibanda cha matete. Hiyo ndiyo elimu yenye kunufaisha, isiyokatika thawabu zake mtu akishafariki.

💡 *Zoezi la leo:* Una ujuzi gani, hata mdogo? Kusoma, kushona, hesabu, simu. Mfundishe mtu mmoja kabla Ramadhani haijaisha, na usimtoze kitu.

Ewe Mola, mrehemu Al-Khalil na walimu wetu wote, utupe elimu yenye manufaa na riziki ya halali inayotutosha. Aamiin.

Mtumie na mwenzako. Futari njema 🌙