Bjørn Ibsen, mwasisi wa chumba cha wagonjwa mahututi

MNAMO Agosti 1952, Hospitali ya Blegdam jijini Copenhagen, Denmark, ilikuwa imelemewa. Mkurupuko wa polio ulikuwa ukipooza misuli ya kupumua ya wagonjwa, wengi wao watoto. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliofikia hali hiyo, 27 walifariki katika muda wa siku tatu. Hospitali ilikuwa na pafu moja tu la chuma, yaani mtambo uliomfunika mgonjwa hadi shingoni, na vifaa sita vidogo vya kifuani.

Hapo ndipo daktari mkuu, Profesa H.C.A. Lassen, aliposhauriwa amwite Bjørn Ibsen. Ibsen, aliyezaliwa Copenhagen mnamo Agosti 30, 1915, na kuhitimu udaktari mwaka wa 1940, hakuwa bingwa wa polio. Alikuwa mtaalamu wa nusukaputi, fani aliyoongezea ujuzi mjini Boston, Marekani, na ambayo zama hizo ilidhaniwa kuwa ya chumba cha upasuaji pekee.

Baada ya kuchunguza mapafu ya marehemu wanne, Ibsen alibaini jambo lililowapita wenzake. Mapafu hayakuwa yameharibika sana. Yalikosa tu nguvu za kuyaendesha. Wagonjwa walishindwa kutoa hewa chafu ya kaboni, nayo ikawa inajaza damu asidi.

Mnamo Agosti 27 alikabidhiwa msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho. Koo lake la hewa lilitobolewa, mrija ukaingizwa, na Ibsen akaanza kumpulizia oksijeni kwa kuminya mfuko wa mpira. Mtoto alijikukurusha, hewa ikakataa kupita, na baadhi ya madaktari waliokuwa wakitazama wakajiondokea. Ibsen alimpa dawa ya usingizi, mwili ukalegea, mapafu yakapokea hewa na msichana huyo akanusurika.

Kwa kuwa mashine za kusaidia kupumua zilikuwa adimu, wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu, wakiminya mifuko kwa mikono usiku na mchana kwa miezi kadhaa. Vifo vilivyokuwa vimezidi asilimia 80 vilishuka hadi karibu asilimia 40.

Desemba 1953, Ibsen alifungua katika hospitali ya Kommunehospitalet wadi ya wagonjwa mahututi wa kila aina, inayohesabiwa na wengi kuwa ya kwanza ya aina yake duniani. Alifariki Agosti 7, 2007, akiwa na umri wa miaka 91.

Janga la Covid-19 lilipotua nchini mwaka wa 2020, Wakenya wengi walihesabu mashine za kupumua kana kwamba ndizo tiba yenyewe. Maisha ya Ibsen yanafunza kinyume. Copenhagen haikuokolewa na mashine, bali na daktari aliyeelewa pumzi na mikono iliyokubali kukesha. Hadi leo, bila mabingwa wa mapafu, wataalamu wa nusukaputi na wauguzi waliofuzu, mashine hizo ni vyuma tu.