Johannes Rebmann wa Rabai, Mtumishi Aliyekaa Mahali Pake



Katika mtaa wetu wako wazee wengi waliokwisha kustaafu. Wengine walikuwa walimu kama sisi, wengine makarani, wengine wauguzi, wengine mafundi wa reli na wa bandari. Mara nyingi baada ya ibada tunakaa kivulini tukizungumza, na swali moja hurudi kila mara: je, kazi ile tuliyoifanya miaka yote ilifaa nini? Watoto tuliowafundisha wametawanyika, na wengine hawaonekani kanisani tena. Macho yamepungua nguvu, magoti yanauma, na vijana wanazo njia zao. Je, Mungu ana haja gani nasi sasa?

Kwa ajili ya swali hilo tumeona vema tukumbushane habari za mtu mmoja aliyeishi katika pwani yetu ya Kenya zamani sana. Jina lake hujulikana shuleni kwa sababu ya mlima Kilimanjaro. Sisi wenyewe tulilifundisha darasani miaka mingi: Rebmann, Kilimanjaro, 1848. Wanafunzi waliandika, wakafaulu mtihani, yakaisha. Hatukuwaambia kwamba baada ya siku ile aliendelea na kazi yake Rabai mpaka mwaka 1875, wala kwamba aliimaliza kazi hiyo akiwa kipofu. Tulifundisha siku moja, tukaiacha miaka ishirini na saba.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, nchi ya Württemberg, huko Ujerumani. Alisomea kazi ya misioni Basel, Uswisi, kisha akapokelewa na chama cha CMS cha Uingereza. Mwaka 1846 alifika Mombasa, akiwa kijana wa miaka ishirini na sita. Hapo alimkuta Dakta Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mkewe Rosina pamoja na mtoto wao mchanga, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Basi Rebmann alikaribishwa na mtu mwenye makaburi mawili. Hakurudi nyuma.

Mwezi wa Agosti mwaka ule, wote wawili wakiwa wamedhoofishwa na homa, walipanda vilima kwenda Rabai. Wazee wa Rabai waliwapa ruhusa ya kukaa, nao wakajenga nyumba. Huo ndio mwanzo wa misioni ya Rabai.

Kwanza Rebmann alisafiri. Alikwenda Taita mwaka 1847, na mwaka 1848 akaenda Uchagga, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyeijua njia ya misafara. Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848 aliona kitu cheupe juu ya mlima mkubwa. Alipomwuliza kiongozi wake, aliambiwa kwamba ni baridi tu. Rebmann, aliyekulia kwenye nchi ya theluji, alitambua mara moja ni nini. Wachagga walikuwa wameujua mlima wao tangu mababu, lakini habari hizo zilikuwa mpya Ulaya. Alipoziandika, mtaalamu mmoja wa London, jina lake Cooley, alizikanusha kwa miaka mingi. Mtaalamu huyo hakuwahi kuuona mlima, naye aliyeuona aliambiwa amekosea. Baadaye, mwaka 1861 na 1862, Baron von der Decken alifika mlimani na kuthibitisha habari ya theluji. Rebmann alikuwa amengoja zaidi ya miaka kumi.

Safari yake ya tatu ya Uchagga, mwaka 1849, ilimwumiza. Alitaka kupita Uchagga mpaka Unyamwezi, lakini chifu Mamkinga wa Machame alimnyang'anya karibu vitu vyote alivyovichukua kwa safari. Akarudi pwani mgonjwa na mikono mitupu. Kwa kijana mwenye tumaini kubwa, hilo lilikuwa pigo.

Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka. Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa. Alitaka mfululizo wa vituo vya misioni kutoka bahari hii mpaka bahari ya magharibi. Rebmann alianza kuona kwamba kazi yake ni kukaa. Aliona kwamba hawezi kumhubiri mtu ambaye lugha yake haijui, na lugha haijifunzi mtu akiwa njiani. Krapf alipokwenda zake Ulaya mwaka 1853 kwa sababu ya afya, Rebmann alibaki. Mwaka 1857 Burton na Speke, waliokuwa wakienda kutafuta maziwa ya bara, walipitia kwake. Safari yao ilitokana kwa sehemu na ramani ya wamisionari wa Rabai, ile iliyochorwa na mwenzake Erhardt kutokana na habari za watu wa misafara. Burton alitaka afuatane nao, naye akakataa. Angeweza kuwa na jina kubwa zaidi. Alichagua kurudi kwenye meza yake na maneno yake.

Maneno yale yalikuwa ya lugha tatu: Kiswahili, Kinyika, kama lugha ya Wamijikenda ilivyoitwa siku zile, na lugha ya watu wa ziwa Nyasa. Hiyo ya tatu alifundishwa na mtumwa mmoja aliyekuwa Mombasa, jina lake Salimini, aliyekamatwa kwao mbali akaletwa pwani. Tufikiri kidogo, wapendwa. Watu walimhesabu Salimini kuwa mali, lakini katika kazi ile yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, na Mzungu akawa mwanafunzi. Neno kwa neno waliandika lugha ya nchi ambayo Rebmann hakuiona hata siku moja.

Na matunda ya kuhubiri je? Yalikuwa machache mno. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kiwete wa Rabai, aliyebatizwa karibu na kufa kwake. Baadaye walikuja Abe Gunja na Abe Ngoa na wengine wachache. Miaka ilipita bila ubatizo wo wote. Mwaka 1857 Wamaasai walivamia, na ilimbidi Rebmann akae Unguja kwa muda. Hata alipoweza, akarudi Rabai akaanza tena. Alikuwa amemwoa Emma huko Cairo mwaka 1851. Mtoto wao alikufa angali mchanga, na mwaka 1866 Emma naye akafa, akazikwa huku huku. Rebmann alibaki mjane katika nyumba ile ile.

Hatupendi kumfanya malaika. Rebmann alikuwa mtu mgumu. Alishika njia yake, na wenzake waliokuja kumsaidia hawakuona rahisi kukaa naye. Wageni waliofika Rabai waliona kituo kimepoa, na walikuwa na haki kusema hivyo. Sisi walimu tunamfahamu mtu wa namna hiyo, maana kila shule inaye mmoja, na pengine ndiye sisi. Anaipenda kazi hata hajui kumpa mwingine sehemu yake. Uaminifu ni jambo jema, lakini ukikosa kupokea msaada unaweza kugeuka ukaidi.

Kisha macho yakaanza kufifia. Mtu aliyeishi kwa kuandika hakuweza tena kusoma alichokiandika. Sir Bartle Frere alipokuja pwani yetu mwaka 1873 kwa shughuli ya kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta Rebmann karibu hana macho kabisa, naye yumo bado katika kamusi zake. Tukipiga hesabu kama wakaguzi wa shule wapigavyo, tungeandika nini siku ile? Miaka ishirini na saba, Wakristo wachache, vitabu havijachapwa, mwalimu haoni. Tungeandika kwamba ameshindwa.

Mwaka 1875 alikubali kurudi Ulaya. Safari ya namna ile haiwezekani kwa kipofu peke yake. Aliyemshika mkono alikuwa kijana wa huku, Isaac Nyondo, mwana wa Abe Ngoa. Wapendwa, tusipite hapa haraka. Mkaguzi amehesabu Wakristo wachache. Lakini mtoto wa mmoja wa wale wachache ndiye aliyekuwa macho ya mzee, akamvusha bahari mpaka kwao. Rebmann, aliyekuwa hapendi kuongozwa, mwishoni aliongozwa, na mkono uliomwongoza ulikuwa tunda la kazi yake mwenyewe.

Waganga wa Ulaya hawakuweza kumrudishia macho. Alikaa Korntal, karibu na rafiki yake wa zamani Krapf, akaoa tena, na tarehe 4 Oktoba 1876 akafa, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Sasa tutazame yaliyofuata. Mwaka ule ule wa kufa kwake Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilichapwa. Mwaka 1877 ikatoka kamusi ya lugha ya Nyasa, ile aliyoifanya na Salimini. Krapf ndiye aliyeitengeneza ipate kuchapwa. Kamusi ya Kinyika ilitoka mwaka 1887. Ushauri wa Frere ulileta Freretown, makao ya watumwa waliokombolewa, mwaka 1875. Tangu mwaka 1864 walikuwa wamekuja Rabai Waafrika waliosomeshwa Bara Hindi, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler, na hao wawili walifanywa mashemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Mahali palipoonekana pamepoa pakawa kimbilio la watumwa watoro. Mwaka 1889 zaidi ya 1,000 walipewa hati za uhuru katika misioni za pwani, na wengi wao walikuwa wa Rabai. Hayo yote yalikuta nyumba tayari, lugha tayari, na Wakristo wachache tayari. Mengi ya hayo Rebmann hakuyaona, wala kwa macho wala kwa masikio.

Tunajifunza nini?

Kwanza, Mungu hakutuagiza kuhesabu mavuno, ametuagiza kukaa shambani. Mpanzi wa mfano wa Bwana wetu hakuulizwa ni mbegu ngapi zilianguka njiani. Mwalimu wa shule ya Jumapili mwenye watoto wanne asione haya.

Pili, kazi ndogo ya kila siku ni kazi. Kuandika neno moja kwa usahihi, kumtembelea mgonjwa, kumfundisha mjukuu Sala ya Bwana, kufagia kanisa siku ya Jumamosi. Hizo ndizo kamusi zetu.

Tatu, ikifika saa ya kushikwa mkono, tukubali. Wazee wenzetu, tusiwanyime vijana nafasi ya kutuongoza kwa kuwa tu sisi tulitangulia. Nanyi vijana, msingoje mpaka mzee awe kipofu ndipo mmtafute. Anayo maneno mengi ambayo hayajaandikwa. Njoni na kalamu.

Basi tukikutana tena baada ya ibada na lile swali likaulizwa, tujibu kwa upole kwamba hatujui bado, kwa kuwa siku ya kuchapwa kwa kazi yetu haijafika. Anayejua ni yule tuliyemfanyia. Na atukute mahali alipotuweka, mikono yetu ingali na kazi, hata kama ni kazi ndogo.

Ee Bwana, utupe neema ya kukaa mahali petu mpaka utuite. Amina.