Teresia wa Pili: Jina Lililorudiwa katika Nyumba ya Martin



Tukiwa parokiani kwa uchungaji wa likizo, sisi mafrateri huulizwa maswali ambayo hatukuyakuta darasani. Mojawapo ni la wazazi waliofiwa na mtoto mchanga: huyu anayezaliwa baada yake, je, anaweza kubatizwa kwa jina lile lile? Bibi mmoja atasema ni mkosi. Mwingine atasema kwamba kufanya hivyo ni kumfuta marehemu, kama vile hakuwahi kuzaliwa. Mama mwenyewe hukaa kimya, naye ndiye anayesubiri jibu.

Safari hii tumeona tulijibu kwa kusimulia maisha ya mtakatifu ambaye vigango, jumuiya na kwaya nyingi za kwetu zimemchagua kuwa somo wao, Teresia wa Mtoto Yesu. Wengi tunayajua maua yake ya waridi na njia yake ndogo. Wachache wanajua kwamba alikuwa Teresia wa pili kuzaliwa katika nyumba hiyo.

Baba yake, Louis Martin, alikuwa fundi saa katika mji wa Alençon, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Mama yake, Zélie Guérin, alikuwa na biashara yake ya lesi, ile lesi ya Alençon inayofumwa kwa sindano na kuhitaji uvumilivu wa ajabu. Kila mmoja wao katika ujana wake alitaka utawa akakataliwa. Louis alikataliwa kwa sababu hakujua Kilatini (wenzetu wanaolalamikia kipindi cha Kilatini wamkumbuke). Walifunga ndoa usiku wa manane tarehe 13 Julai 1858, wakaishi kama kaka na dada kwa muda wa miezi 10, hadi padre muungamishi alipowashauri vingine. Kati ya mwaka 1860 na 1873 walipata watoto 9.

Wote 9 walibatizwa kwa jina la Marie, hata wavulana, kwa heshima ya Bikira Maria. Mkubwa, Marie-Louise, ndiye aliyebaki na jina hilo kwa matumizi ya nyumbani. Waliomfuata waliitwa kwa majina yao mengine: Pauline, Léonie, Hélène, Céline. Mtu akisoma daftari la ubatizo la familia hiyo na kuishia kwenye jina la kwanza, atadhani ni mtoto mmoja aliyebatizwa mara 9. Ndugu tutakaokuja kuandika madaftari hayo, majina yote yaandikwe, tena kwa mwandiko unaosomeka!

Kurudia jina la mtoto aliyefariki lilikuwa jambo la kawaida katika Ulaya ya wakati huo na ya kabla yake. Mwanamuziki Ludwig van Beethoven, aliyezaliwa mwaka 1770, alikuwa na kaka aliyeitwa Ludwig pia, ambaye mwaka 1769 aliishi siku chache tu. Watoto wachanga walikufa kwa wingi, na majina yenye uzito katika ukoo yalikuwa machache: la babu, la msimamizi wa ubatizo, la mtakatifu aliyeheshimiwa nyumbani. Jina halikuachwa lipotee kwa sababu mtoto mmoja ameondoka nalo. Hilo halipaswi kutushangaza sana, kwa kuwa makabila yetu mengi humpa mjukuu jina la babu, na jina likapita kizazi hadi kizazi.

Louis na Zélie walitamani sana mtoto wa kiume atakayekuwa padre mmisionari. Baada ya mabinti 4, tarehe 20 Septemba 1866 akazaliwa mvulana. Walimwita Joseph, kwa kuwa Mtakatifu Yosefu ndiye waliyemkimbilia kwa maombi yao. Mama hakuweza kumnyonyesha, hivyo mtoto akapelekwa kijiji cha Semallé kwa mama mmoja mkulima aliyeitwa Rose Taillé. Joseph alifariki tarehe 14 Februari 1867, hajatimiza miezi 5.

Wazazi walirudi kwa Mtakatifu Yosefu kuomba mwingine. Tarehe 19 Desemba mwaka huohuo akazaliwa mvulana wa pili, naye akaitwa Joseph. Akapelekwa kwa Rose yuleyule. Tarehe 24 Agosti 1868 naye akafariki.

Tungetegemea kwamba katika nyumba ya namna hiyo Joseph wa kwanza angesahauliwa mara tu wa pili alipofika. Haikuwa hivyo. Wiki chache baada ya kifo cha yule wa kwanza, dada yao Hélène alikuwa akisumbuliwa na sikio. Dawa hazikufaa. Mama akamwambia mtoto amwombe mdogo wake Joseph aliye mbinguni, na kesho yake sikio likawa limepona. Zélie aliyaeleza hayo katika barua kama mtu anayesimulia habari za mwanawe aliye safarini. Kwa hiyo, wa pili alipopewa jina hilo, hakuna aliyedhani kwamba nafasi ya wa kwanza imezibwa. Walikuwa Joseph wawili, kila mmoja na hesabu yake.

Hélène naye alifariki mwezi Februari 1870, akiwa na miaka 5. Agosti mwaka huo akazaliwa binti, Marie-Mélanie-Thérèse. Huyu ndiye Teresia wa kwanza. Safari hii mnyonyeshaji alipatikana mjini Alençon, lakini hakumtunza mtoto, akamwacha na njaa. Zélie alipogundua alimrudisha nyumbani, ila alikuwa amechelewa. Teresia alifariki tarehe 8 Oktoba 1870, hata miezi 2 hajatimiza.

Katika miaka hiyo Zélie alisikia maneno ambayo akina mama wengi wa kwetu wanayajua: kwamba ingekuwa heri watoto hao wasingezaliwa kabisa. Hakuyakubali. Alipomwandikia wifi yake aliyefiwa na mtoto, alikataa katakata kwamba uchungu wake ungeweza kupimwa dhidi ya furaha ya milele ya wanawe, na alitazamia kuwaona tena. Tunaona hapa ndipo penye jibu la swali letu, ingawa simulizi bado ni ndefu.

Tarehe 2 Januari 1873, Zélie akiwa na miaka 41, alizaliwa mtoto wa 9 na wa mwisho. Siku mbili baadaye alibatizwa katika kanisa la Notre-Dame, na dada yake mkubwa Marie akawa mama yake wa ubatizo. Jina: Marie-Françoise-Thérèse. Kwa matumizi ya nyumbani, Thérèse. Teresia tena.

Miezi haikupita mingi, mtoto akaanza kudhoofika vilevile. Daktari alisema kwamba hakuna kitakachomwokoa isipokuwa ziwa la mama. Alfajiri Zélie alitembea kwa miguu hadi Semallé kumfuata Rose. Walipofika mjini na Rose kumtazama mtoto, aliona kama wamechelewa. Hata hivyo, alimweka kifuani. Zélie akapanda chumbani kwake, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, yeye ambaye jina lake lilikuwa limeshazikwa mara mbili katika nyumba ile. Aliposhuka, mtoto alikuwa ananyonya. Kisha akalegea kama aliyekata roho, na mama akaanza kumshukuru Mungu kwa kumchukua kwa amani. Ghafla mtoto akafumbua macho na kutabasamu. Teresia wa pili alikwenda kukaa Semallé kwa Rose karibu mwaka mzima, akirudishwa nyumbani tarehe 2 Aprili 1874 akiwa mzima na mwenye afya.

Zélie hakupata kumwona akikua. Saratani ya titi ilimchukua tarehe 28 Agosti 1877, na Louis akahamia Lisieux na mabinti zake 5. Habari za miaka iliyofuata zinafahamika, tuzipite upesi. Pauline aliingia Karmeli mwaka 1882, Marie mwaka 1886.

Marie alipoondoka, Teresia, karibu miaka 14, alibaki bila mtu wa kumweleza wasiwasi wa dhamiri uliokuwa ukimtesa kila siku. Akawageukia ndugu zake wanne waliotangulia: Hélène, Joseph wawili, na yule dada mwenye jina lake. Alijieleza kwao kitoto, kama kitinda mimba aliyezoea kubembelezwa na wakubwa zake: kama wangekuwa hai wangempenda, na kwenda mbinguni si sababu ya kumsahau. Amani ikamrudia mara moja. Hakuwa amemwona hata mmoja wao. Aliwafahamu kwa sababu nyumbani walitajwa.

Tukio jingine linahusu jina lenyewe. Akiwa na miaka 9 alikwenda kumwona mkuu wa Karmeli ya Lisieux, huku akiwaza ataitwaje siku akiwa mtawa. Alijua kwamba ndani kulikuwa na Sista Teresia wa Yesu tayari, lakini hakuwa tayari kuliacha jina lake. Akafikiria jina la Teresia wa Mtoto Yesu, bila kumwambia mtu. Katika maongezi, Mama Marie de Gonzague akampendekezea jina hilohilo. Alipoingia tarehe 9 Aprili 1888 akawa na jina lililokuwa la dada yake, la mtawa mwenzake, na la mwanzilishi wa urekebisho wa shirika lao, Teresia wa Avila. Hatuoni kwamba lilimpunguzia chochote.

Na wale Joseph wawili? Teresia aliandika kwamba kwa muda mrefu alitamani kuwa na kaka padre, na kwamba laiti wadogo wale wangebaki hai angewaona altareni. Mwaka 1895 mseminaristi Maurice Bellière aliandikia Karmeli akiomba sista wa kumwombea. Mama mkuu akamchagua Teresia. Mwaka uliofuata akaongezewa wa pili, Padre Adolphe Roulland, aliyekuwa akielekea China. Kaka wawili wamisionari, idadi ileile waliyoiomba wazazi wake. Bellière alijiunga na Wamisionari wa Afrika, Mapadre Weupe, ambao mwaka 1878 msafara wao wa kwanza ulikuwa umepita Bagamoyo na Tabora kuelekea kwenye maziwa makuu, na baadaye alitumwa Nyasaland, Malawi ya leo. Alisafiri kwa meli kwenda Afrika ya Kaskazini tarehe 29 Septemba 1897. Kesho yake Teresia alifariki kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 24.

Papa Pio wa XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1927 akamfanya msimamizi wa misheni pamoja na Fransisko Ksaveri. Louis na Zélie walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015.

Amebaki Léonie, yule wa tatu, mtoto aliyewasumbua wazazi kuliko wote na ambaye alijaribu utawa mara kadhaa akashindwa. Mwaka 1899 aliingia tena kwa masista wa Visitasio mjini Caen, na safari hii hakutoka. Alipopewa jina la kitawa, lilikuwa Françoise-Thérèse, jina la ubatizo la mdogo wake aliyekufa. Aliitwa hivyo hadi alipofariki mwaka 1941, akiwa na miaka 78.