Emil von Behring na Ugonjwa wa Dondakoo (1854–1917)

Wazazi wengi wa leo hawajapata kumwona mtoto mwenye dondakoo. Katika Ulaya ya karne ya 19 ugonjwa huo uliogopwa mno. Utando wa kijivu ulitanda kooni, njia ya hewa ikaziba, na mtoto akafa kwa kukosa pumzi mikononi mwa mama yake. Madaktari waliweza kulitoboa koo ili hewa ipite, lakini wengi walikufa hata hivyo, kwa kuwa sumu ya vijidudu ilikuwa imekwisha kuufikia moyo.

Emil Behring alizaliwa tarehe 15 Machi 1854 katika kijiji cha Hansdorf, Prussia Magharibi, ambacho leo kimo nchini Poland. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule mwenye watoto 13, na mshahara wake haukutosha kumpeleka kijana chuo kikuu. Hivyo mwaka 1874 Emil aliingia chuo cha madaktari wa jeshi mjini Berlin, ambako alisomeshwa kwa sharti la kulitumikia jeshi baadaye.

Mwaka 1889 alijiunga na taasisi ya Robert Koch mjini humo. Hapo alifanya kazi pamoja na Mjapani Shibasaburo Kitasato, aliyekuwa akichunguza pepopunda. Mwaka mmoja kabla, Émile Roux na Alexandre Yersin wa Paris walikuwa wameonyesha kwamba vijidudu vya dondakoo huua kwa sumu vinayoitoa. Katika maabara ya Koch, sungura walizoeshwa pepopunda hadi wakawa na kinga. Kisha ilichukuliwa seramu, yaani yale maji yanayobaki damu ikiganda, na panya wakadungwa. Panya hao hawakudhurika na pepopunda. Desemba 1890 ulimwengu ulitangaziwa kwamba kinga ya kiumbe kimoja yaweza kuhamishiwa kingine, na Behring akaeleza jambo hilohilo kuhusu dondakoo.

Hata hivyo, kutoka panya hadi mtoto mgonjwa ni safari ndefu. Seramu za kwanza zilikuwa dhaifu, na nguvu yake haikujulikana. Aliyeondoa kikwazo hicho ni Paul Ehrlich, aliyebuni njia ya kuipima na kuiongezea nguvu. Mwaka 1894 kiwanda cha Hoechst kilianza kuiuza. Mwaka huohuo Roux, akitumia seramu ya farasi katika hospitali ya watoto mjini Paris, alionyesha kwamba vifo vya wagonjwa wa dondakoo vilishuka kutoka takriban nusu hadi robo hivi.

Haifai kuficha kwamba Behring alikuwa mtu mgumu. Yeye na Ehrlich walikosana juu ya faida ya seramu, na urafiki wao haukupona. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya tiba, peke yake. Ehrlich aliipata mwaka 1908. Kitasato hakuipata kamwe.

Oktoba mwaka huohuo wa 1901, mjini St. Louis, Marekani, watoto 13 walikufa baada ya kudungwa seramu ya dondakoo iliyotoka kwa farasi mwenye pepopunda. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kusimamia utengenezaji wa dawa za aina hiyo.

Kulikuwa na kasoro nyingine. Kinga ya seramu ni ya kuazima, na baada ya wiki chache huisha. Behring aliyajua hayo, na mwaka 1913, baada ya miaka ya maradhi na ya kuhangaikia kifua kikuu bila mafanikio, alitangaza mchanganyiko wa sumu na seramu uliomwezesha mtoto kujijengea kinga yake mwenyewe. Alifariki mjini Marburg tarehe 31 Machi 1917.

Katika miaka ya 1920 Mfaransa Gaston Ramon aliituliza sumu ya dondakoo kwa formalini na joto, na mchanganyiko wa Behring ukaachwa. Mama aliyempeleka mtoto kliniki baada ya mpango wa taifa wa chanjo kuanza Tanzania mwaka 1975 alilijua jina DPT. P ni kifaduro. D ni dondakoo na T ni pepopunda, magonjwa yale mawili ya Desemba 1890.