Edward Saidi Tingatinga: Nomino ya Pekee Iliyogeuka ya Kawaida

Utangulizi

Katika kila jamii ipo sanaa isiyosubiri makumbusho wala chuo. Huko China, kwa karne nyingi, wanawake wa vijijini wamekuwa wakikata karatasi nyekundu kwa mkasi, wakatoa maua, ndege na samaki, kisha wakazibandika madirishani wakati wa sikukuu ya mwaka mpya na katika nyumba za maharusi. Binti hujifunza kwa mama yake, jirani kwa jirani, na aghalabu jina la mkataji haliandikwi popote. Mwaka 2009 shirika la UNESCO liliitia sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Afrika Mashariki nayo inayo sanaa ya aina hiyo: nyepesi kwa vifaa, rahisi kwa gharama, na inayopitishwa kutoka mkono hadi mkono ndani ya ujamaa na ujirani. Mwanafunzi aliyelelewa Kabazi, Subukia au Nakuru, aliyezoea kuona simba na ng'ombe wakichorwa kwa rangi ya mafuta kwenye kuta za maduka na vibanda vya vinyozi, hatashangaa kwamba ufundi wa namna hiyo unaweza kustawi bila darasa. Ila sanaa inayozungumziwa hapa inatofautiana na ile ya China kwa jambo moja: inaitwa kwa jina la mtu. Mtu huyo ni Edward Saidi Tingatinga.

Kuzaliwa na malezi

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho leo hujulikana kama Nakapanya, wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Msumbiji. Baba yake alikuwa Mngindo na Mwislamu; mama yake alikuwa Mmakua na Mkristo. Majina yake mawili ya kwanza, Edward na Saidi, yanabeba dini zote mbili za wazazi hao, kana kwamba maisha yake yaliandaliwa tangu mwanzo yawe njia panda.

Familia yake ilikuwa ya wakulima, na elimu yake ya shule ilikuwa ndogo. Lakini kusini hiyo haikuwa na uhaba wa sanaa. Wamakonde na Wamakua walijulikana kwa uchongaji, vinyago na ngoma za jando na unyago. Aidha, desturi ya kupamba kuta za nyumba za udongo kwa michoro ya watu na wanyama ilikuwapo huko tangu zamani, na mtafiti Mjerumani Karl Weule aliishuhudia alipozuru sehemu hizo mwaka 1906. Kwa hiyo, wale wanaodhani kwamba Tingatinga alizuka bila mizizi wanaisahau kuta ile ya udongo. Kama dirisha lilivyo kwa mkataji karatasi wa China, ukuta wa nyumba ndio uliokuwa ubao wa kwanza wa mchoraji wa kusini.

Safari ya kutafuta riziki

Katika miaka ya 1950 vijana wengi wa kusini waliacha makwao wakaelekea kaskazini kutafuta vibarua, kwa kuwa kodi ilidaiwa na fedha haikupatikana kijijini. Tingatinga alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam, ambako alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa afisa Mwingereza. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 na waajiri wa aina hiyo wakaanza kurejea kwao, wengi waliowatumikia walibaki bila kazi. Yeye pia alitangatanga baina ya vibarua vya hapa na pale, na akajaribu hata muziki. Aliishi Msasani, mahali ambapo watu wa kusini walikuwa wamejikusanya, wakipokeana na kusitiriana kama ilivyo ada ya wageni mjini.

Kuanza kuchora

Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36, Tingatinga alianza kuchora. Jiji wakati huo lilikuwa limejaa vinyago vya mpingo vya Wamakonde vilivyonunuliwa na wageni, lakini picha za rangi zilizochorwa na Watanzania wa kawaida hazikuwa nyingi. Aliona pengo hilo, akaliziba kwa vifaa alivyoweza kuvimudu. Badala ya turubai alitumia mbao nyembamba za kiwandani, zile zinazozibia dari, zilizokatwa mraba. Badala ya rangi za wasanii alitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, ambayo hung'aa na haififii upesi.

Namna yake ya kazi ilikuwa sahili. Kwanza alipaka ubao mzima rangi moja, akauacha ukauke. Kisha juu ya uwanja huo mtupu aliweka mnyama mmoja: chui, nyati, tembo au ndege mwenye shingo ndefu, mara nyingine pamoja na mti au tawi. Mnyama huyo alijaza ubao karibu wote, na mwili wake ukapambwa kwa madoa na mistari iliyopangwa kwa mdundo. Hapakuwa na kivuli wala umbali. Macho ya mnyama yalimtazama mtazamaji, nayo yalikuwa kama ya mtu. Uchache wa vifaa, ambao kwa mwingine ungekuwa kikwazo, kwake ulizaa mtindo: rangi isiyochanganyika kwa urahisi ilimlazimu kuchora maumbo yaliyo wazi, na ubao mdogo ulimlazimu kuchagua kitu kimoja na kukitukuza.

Picha zake aliziuza nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mtaa uliokaliwa na wageni wengi na maafisa wa balozi. Kizuri chajiuza, na wanunuzi hawakukawia. Baadaye shirika la umma lilianza kununua na kuuza kazi zake. Alipata pia kazi ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili, lakini hakuiacha brashi. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, na wakajaliwa watoto wawili, Daudi na Martina.

Mwalimu asiye na darasa

Wanunuzi walipozidi, mikono miwili haikutosha. Hapa ndipo Tingatinga alipofanya jambo lililoamua hatima ya sanaa yake. Hakuificha siri ya kazi. Aliwaita ndugu, jamaa na majirani, wengi wao wakiwa watu wa kusini kama yeye, akawaketisha kando yake wachore. Miongoni mwao walikuwa January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo na Simon Mpata. Mwanafunzi alianza kwa kupaka uwanja wa picha, akaendelea kwa kujaza madoa, na mwisho akaruhusiwa kuchora mnyama mwenyewe. Hapakuwa na ada wala cheti. Aliyejifunza alitarajiwa naye kumfundisha mwingine.

Mfumo huo si mgeni kwa Waafrika: ndivyo wahunzi, wafinyanzi na wasusi walivyorithishana kazi. Kilichokuwa kipya ni kuuleta katikati ya jiji, miongoni mwa watu waliofika mjini na mikono mitupu, na kuufanya chombo cha kusaidiana. Mtu aliyetoka Tunduru leo angeweza, baada ya miezi michache, kupata posho yake kwa brashi.

Kifo

Mwaka 1972, usiku, polisi wa Dar es Salaam walimpiga risasi Tingatinga wakimdhania kuwa mhalifu waliyekuwa wakimsaka. Akafariki akiwa na umri wa miaka 40. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Aliacha mjane, watoto wadogo na wanafunzi wachache ambao baadhi yao walikuwa wangali wakijifunza.

Kwa kawaida ya mambo, kazi ya mtu aliyeishi hivyo na kufa hivyo ingetoweka pamoja naye. Haikutoweka, kwa sababu alikuwa ameshaigawa. Wanafunzi wake waliendelea kukaa palepale karibu na Morogoro Stores, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika cha wachoraji. Simon Mpata aliivusha sanaa hiyo hadi Kenya, na hoteli moja ya kitalii huko Maasai Mara imepewa jina lake. Mwaka 2010 katuni za watoto ziitwazo Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa kuiga mtindo huo, zilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Uingereza.

Jina na wenye jina

Kwa Waswahili wengi neno tingatinga lilikuwa, na lingali, jina la trekta au mtambo wa kufukulia ardhi. Baada ya mwaka 1972 neno hilo liliongeza maana. Mtu husema amenunua tingatinga, au anachora tingatinga, bila kukumbuka kwamba anamtaja marehemu. Nomino ya pekee imegeuka nomino ya kawaida. Kisarufi hilo ni jambo dogo. Kijamii si dogo hata kidogo. Maelfu ya picha zinazouzwa Dar es Salaam, Zanzibar, Arusha na Nairobi hubeba jina la mtu ambaye hakuzichora. Nyingi zimejaa wanyama, umati wa watu na rangi nyingi kuliko alivyopenda yeye. Baadhi ni kazi bora za wasanii wenye vipaji vyao. Nyingine ni nakala za haraka za kuwauzia watalii.

Je, jina hilo ni la nani: la watoto wake, la chama, au la kila ashikaye brashi? Mkata karatasi wa China haulizwi swali hilo, kwa kuwa sanaa yake haikuwahi kuwa na mwenyewe. Ya Tingatinga ilikuwa na mwenyewe, naye aliitoa kwa hiari akiwa hai. Ukarimu huo ndio uliooikoa sanaa isife, na ndio uliofungua mlango wa kila anayetaka kuuza kwa jina lake. Faida na hasara zimetoka katika chungu kimoja.

Hitimisho

Maisha ya Edward Saidi Tingatinga yanawafunza wanafunzi wa lugha na utamaduni kwamba sanaa ya jamii haipimwi kwa urefu wa umri wa msanii wala kwa gharama ya vifaa vyake. Hata hivyo, jamii iliyorithi ina deni. Angalau itajapo tingatinga, ikumbuke kwamba kabla ya kuwa picha, hilo lilikuwa jina la kibarua wa Tunduru aliyeuawa kwa kudhaniwa mwizi, na ambaye alichokuwa nacho alikigawa.