Koreshi, Mfalme wa Uajemi

Kati ya mito miwili mikubwa, Frati na Hidekeli, iko nchi tambarare ambayo leo huitwa Iraki. Hapo zamani ulisimama mji wa Babeli, wenye kuta nene na wafalme wenye nguvu. Mwaka 586 K.K. Nebukadreza, mfalme wa mji huo, aliuteketeza Yerusalemu, akalibomoa hekalu, akawachukua Wayahudi wengi kuwa wafungwa. Huko Babeli walizaa watoto wasioijua nchi ya baba zao.

Waajemi walikuwa taifa dogo upande wa mashariki, chini ya Wamedi. Koreshi, mfalme wao, aliwashinda Wamedi mwaka 550 K.K., kisha akaitwaa Lidia, nchi ya mfalme Croesus aliyesifiwa kwa utajiri. Hata mwaka 539 K.K. akaelekea Babeli. Penye mji wa Opis, kando ya Hidekeli, palipiganwa vita vikali, na watu wengi wakauawa. Baada ya hayo Babeli ulitwaliwa pasipo kupigana.

Desturi ya washindi wengi wa zamani hizo ilikuwa kuteketeza miji na kuwahamisha watu. Koreshi aliuacha mji usimame. Mwaka uliofuata akawapa Wayahudi ruhusa kurudi kwao na kulijenga hekalu. Kitabu cha Ezra chasema ya kuwa walirudishiwa vyombo 5,400 vya dhahabu na fedha, na ya kuwa waliorudi walikuwa watu 42,360, mbali ya watumwa wao. Wengine walibaki Babeli, kwa maana safari ilikuwa ndefu. Ezra mwenyewe baadaye aliisafiri kwa miezi minne.

Je, Koreshi alimwabudu Mungu wa Israeli? Mwaka 1879, katika magofu ya Babeli, palichimbuliwa kipande cha udongo wa kuchomwa, chenye umbo la pipa, kilichoandikwa habari zake. Humo anasifiwa Marduki, mungu wa Babeli, wala Wayahudi hawatajwi. Yaonekana alifahamu ya kuwa watu walioachiwa nchi yao na ibada yao hutii kwa hiari kuliko wafungwa. Hata hivyo kitabu cha Isaya chamwita masihi, yaani mpakwa mafuta wa Bwana, heshima ambayo Biblia haikumpa mfalme mwingine wa kigeni.

Koreshi alikufa mwaka 530 K.K., na kaburi lake la mawe lingalipo Pasargadae, katika nchi ya Irani. Hekalu la Yerusalemu lilimalizika mwaka 515 K.K., wala yeye hakuliona.